Aliyekuja Mikono Mitupu

Watu wa usharika wetu walijifunza kumtazama mikono kabla ya kumtazama uso. Akitokea kwenye maegesho ya magari amebeba hotpoti yake nyekundu, tulishusha pumzi tukaenda kubandika chai, maana ndani ya hotpoti mlikuwa na maandazi, na maandazi maana yake salama. Akitokea mikono mitupu, aliyekuwa dirishani alianza kuwapitia watu wake wa nyumbani mmoja mmoja moyoni, akijiuliza ni nani aliyekuwa mgonjwa.

Tulimwita Mzee wa Kanisa, ingawa alikuwa mwanamke, tena mwanamke wa viatu vya kisigino na vitenge vilivyopigwa pasi vikanyooka. Wamarekani wanaotuazima jengo lao Jumapili mchana hawakuelewa cheo hicho, na yeye hakujisumbua kuwaeleza. Alikusanya sadaka, alipokea wageni, aliamua ugomvi wa soprano na alto, na ugomvi mwingine aliuanzisha mwenyewe, hasa jikoni, pale mtu alipothubutu kutia tangawizi kwenye chai kabla ya maziwa. Lakini alikuwa na kazi moja ambayo hakuna aliyemchagulia. Alipeleka habari za misiba.

Sisi tunaoishi mbali tuna desturi hii: mtu akifiwa huko nyumbani, jamaa hawampigii simu yeye. Wanaogopa habari isije ikamkuta anaendesha gari, au yuko kazini, au yuko peke yake chumbani na baridi ya Januari. Wanamtafuta mtu wa karibu naye, wanamwambia, tafadhali nenda ukamwone uso kwa uso. Kwa Watanzania wetu, na Wakenya, na Wakongo waliojiunga nasi baadaye, mtu huyo alikuwa yeye. Namba yake ilikuwa kwenye simu za watu wa Iringa na Bungoma na Bukavu ambao hakuwahi kuwatia machoni.

Mimi nilikuwa dereva wake. Ndivyo alivyoniita, "dereva", mbele za watu na tukiwa wawili, ingawa kazi yangu hasa ni kukaa mbele ya kompyuta za serikali. Na kwa kuwa nimeumbwa mdadisi (mke wangu husema ningezaliwa kuku, ningekufa kwa kuchungulia chungu), miaka yote ile nilikuwa natafuta jibu la swali moja: ujasiri wa kubisha hodi kwenye mlango kama ule, mama huyu aliutoa wapi?

Dhana yangu ya kwanza ilikuwa kwamba moyo wake ni jiwe. Haikufika mbali. Sijapata kuona mtu mwoga kama yeye. Aliogopa theluji hata ile isiyofunika unyasi. Aliogopa ngazi za umeme za vituo vya treni ya Metro. Alisimama juu akichungulia chini, akashika mkono wa koti la mtu yeyote aliyepita, kisha akaenda kutafuta lifti, na lifti ikiwa mbovu, kama ilivyo kawaida yake, safari ilikufa. Leseni alikuwa nayo na gari alikuwa nalo, lakini aliliendesha mtaani kwake Temple Hills tu, dukani na kwa dobi. Beltway, ile barabara kuu ya kuzunguka jiji, alisema hapiti, kwa sababu watu wa kule wanaendesha kama wanafukuzwa na polisi, na baadhi yao kweli wanafukuzwa. Ndiyo maana alinihitaji.

Na mbwa. Jirani yake alikuwa Mmarekani mweusi mstaafu, aliyejifunza Kiswahili darasani enzi za ujana wake na kukitunza kama suti ya harusi. Alikuwa na mbwa mkubwa wa kahawia, naye kwa upendo wa lugha alimpa jina la Amani. Kila asubuhi yalikuwa yale yale.

"Shikamoo, Mama. Je, umeamkaje siku ya leo?"

"Marahaba, baba. Nimeamka salama. Lakini shika Amani kwanza, ndipo tusalimiane."

Jumapili moja alikuja mhubiri mgeni, kijana mwenye suti inayobana, akatufundisha kwamba hofu ni dhambi na mwenye imani haogopi kitu. Akataka wasioogopa kitu wanyooshe mikono. Tulinyoosha wote, hata mimi niliyekuwa naogopa kubaki peke yangu na mkono chini. Mzee wa Kanisa alikaa na mkoba wake mapajani.

"Mama, wewe unaogopa nini?" mhubiri akauliza.

"Mbwa," akasema. "Ngazi za umeme. Na mwenye jengo, maana tulimwahidi kutoka saa kumi na wewe bado unatufokea."

Kwenye chai nilimuuliza kama hakuona vibaya kumharibia mgeni mahubiri. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali na mtoto. "Biblia imejaa 'usiogope', dereva. Unadhani ni kwa nini? Samaki haambiwi asiogope maji. Anaambiwa anayeogopa."

Nikahamia dhana ya pili, kwamba ni mazoea. Mchimba makaburi hashtuki kwa jeneza. Nayo ikanifia mkononi, maana nilikuwa nimekaa naye kwenye gari. Tukifika, kabla hajafungua mlango, aliweka mikono juu ya dashibodi, na pete zake zikaanza kugonga ile plastiki kwa kutetemeka. Ilikuwa hivyo safari ya kwanza na ilikuwa hivyo miaka mingi baadaye. Kisha aliomba. Huyu ambaye akipewa sala ya kufungua ibada aliomba mpaka watoto wakalala, kwenye gari aliomba hivi: "Bwana, naogopa. Siwezi. Twende." Halafu akashuka.

"Mama, hiyo 'twende' unaniambia mimi au unamwambia Mungu?" nilimuuliza siku moja.

"Wewe baki kwenye gari," akasema.

Baadaye alianza kuniita niingie naye. Alisema nije nione, nisije nikawa bure siku nitakayohitajika. Na utaratibu wake ulikuwa hivi. Akiingia, jicho la kwanza lilikwenda jikoni. Jiko likiwa linawaka, alilizima kwa mkono wake. Halafu aliomba ufunguo wa gari wa mwenye nyumba, akautia mfukoni mwake. Aliuliza watoto wako wapi. Ndipo akaketi, akamketisha mwenzake, akasema. Hakusema "ametutoka" wala "ametangulia" wala "hali yake si nzuri, tuombe". Alitaja jina la marehemu, akasema amefariki. Kisha akanyamaza. Mtu akilia hakumwambia ajikaze, na akipiga ukuta alimwacha apige. Biblia ilibaki mkobani mpaka mwenyewe aiulizie, na wengine siku hiyo hawakuiulizia. Nilidhani mzee wa kanisa ataanza na neno la faraja. Aliniambia neno ni dawa nzuri, lakini hakuna anayemnywesha mtu dawa wakati bado anaanguka.

Kulikuwa na dada mmoja Mkenya, muuguzi wa mji wa Columbia, tuliyemkuta anasonga ugali. Baada ya kulia sana alipangusa uso kwa aproni akasema, "Lakini auntie, si mngenicall tu? Mmedrive mpaka huku juu yangu?"

"Na jiko nani angelizima?" Mzee wa Kanisa akamjibu, naye yule dada akacheka huku machozi yanamtoka, akashangaa kusikia anacheka.

Si wote waliofungua mlango. Baba mmoja Mkongo, aliyeishi jengo la nyuma ya langu hapa Laurel, aliufungua kidogo, akaiona mikono, akaufunga. "Maman, rudia kwako," tukamsikia akisema kwa ndani. "Miye siko." Sauti ya mtoto ikauliza kwa Kiingereza, "Papa, why are you sitting on the floor?" Mimi nilikuwa tayari kuondoka, nikafikiri tutarudi kesho na mchungaji. Mzee wa Kanisa alivua viatu, akaketi kwenye zulia la korido, akaegemeza mgongo kwenye ule mlango. Kwa ndani baba yule alikuwa ameegemea mlango huo huo. Mzee wa Kanisa akaanza kuimba pambio. Aliimba vibaya, nisimsingizie, na aliimba kwa sauti, na majirani walichungulia wakidhani kuna ulevi. Aliimba beti zote akarudia, mpaka mlango ukafunguka nusura aanguke chali.

"Ni papa?" yule baba akauliza.

Aliingia, akaangalia jiko, akamketisha, ndipo akamtajia jina la baba yake.

Nisije nikamchora malaika. Alipenda kuitwa. Familia moja walipata msiba wakamtumia mchungaji wa kanisa jingine kuleta habari, naye akanuna mwezi mzima, akawapa mkono wa salamu kwa ncha za vidole. Nikamwambia, nikiwa na hakika kwamba sasa nimeipata dhana ya tatu, "Mama, kumbe unafanya hivi kwa sababu unapenda kuwa mtu muhimu."

Nilitegemea akasirike. Akafikiri. "Napenda," akasema. "Sana. Mungu ananijua, ananitumia na ugonjwa wangu huo huo. Angesubiri nipone, watu wangeambiwa na nani?"

Na alikosea pia. Siku tulipokwenda Columbia kumwona mzazi aliyejifungua mtoto wa kiume, hotpoti ilisahaulika kiti cha nyuma. Bibi wa mtoto, aliyekuja kutoka Moshi kulea na alikwisha simuliwa habari za mikono ile, alifungua mlango akamwona mikono mitupu, na kabla ya hodi alikuwa ameshaanza kuomboleza jina la mumewe. Mzee wa Kanisa hakuwahi kukimbia mbele yangu kabla ya siku hiyo. Alikimbia na visigino vyake kuvuka maegesho, akarudi ameinua hotpoti juu ya kichwa kwa mikono miwili, anapiga kelele, "Salama! Salama! Ni mtoto! Nimekuja kwa mtoto!" Ilibidi tumpigie babu simu Moshi, aamshwe, aseme mwenyewe kwamba yu hai. Alisema kwa ukali. Tulikula maandazi yale tukiwa tumeshika mbavu, na bibi wa mtoto akala kuliko wote.

Jibu la swali langu, au kipande chake, nililipata kwenye foleni ya barabara ya Parkway, magari yamesimama mpaka upeo wa macho. Sikuwa nimeuliza kitu. Alianza kusema huku akitazama dirisha.

Alisema miaka yake ya mwanzo hapa alikuwa anapanda basi kwenda kumtunza bibi mmoja wa Kimarekani nyumbani kwake. Asubuhi moja ndani ya basi simu ikatetemeka, ujumbe wa mtu aliyesoma naye: "Pole sana mpendwa, mama yetu amepumzika." Yule mwenzake alidhani amekwishaambiwa. Watu wetu wana haraka ya kutoa pole. Hakuna anayetaka kuonekana wa mwisho. Ndivyo alivyojua kwamba hana mama, kwa pole ya mtu, kati ya watu wenye vikombe vya kahawa. Alipitiliza kituo chake. Akafika mwisho wa njia. Dereva wa basi, mama wa Kimarekani mweusi, akamuuliza kuna nini, na Kiingereza chote kikamkimbia, akaweza kusema "my mother" tu. Yule dereva alizima injini, akaja akaketi kiti cha pembeni mpaka muda wa kugeuza basi.

"Hakuniambia neno hata moja," alisema. "Alikaa tu. Nikamwambia Mungu, kama wewe ndiye uliyemleta huyu, basi na mimi nitume. Sasa nimetumwa, naogopa kila siku, na siwezi kurudisha neno langu."

Tulisogea kidogo, tukasimama tena. Ndipo akageuka.

"Dereva, mimi ataniambia nani?"

Nilijua anayemfikiria. Alikuwa na dada yake mkubwa kule Njombe, aliyembeba mgongoni akiwa mtoto, mgonjwa wa sukari, ambaye alizungumza naye kila Jumapili baada ya ibada mpaka chaji ikaisha. Walicheka kama wasichana, wakisutana kwa mambo ya zamani. Huyo ndiye aliyebaki. Nikafanya mzaha, nikasema mchungaji yupo.

"Mchungaji atanihubiria kwanza. Maandazi yataungua." Akageukia dirisha tena. "Nisiambiwe tena na pole. Ndilo ninaloliomba. Niambiwe na mtu."

Miaka michache ikapita. Visigino vikawa vifupi, goti likaanza kumsumbua, lakini mikono iliendelea kugonga dashibodi.

Halafu, Jumamosi moja ya mwezi wa tatu, asubuhi, nikiwa napanga vyombo, ikaita namba ya Tanzania nisiyoifahamu. Alikuwa mpwa wake, mtoto wa yule dada wa Njombe. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia akamaliza. Mama yake amefariki mchana huu, alisema, kwao ulikuwa mchana. "Tumepewa namba yako na mama mdogo mwenyewe, zamani. Alituagiza, likitokea la kwangu mpigieni dereva. Tumewaomba watu wasiandike kwenye grupu mpaka umfikie. Lakini baba, watu unawajua."

Nawajua. Na nilijua jambo jingine ambalo ndilo lililonipa tumaini: kila asubuhi Mzee wa Kanisa aliifungia simu kwenye sufuria kuukuu na kuifunika, asiiguse mpaka amalize kusoma Neno na kunywa chai. Jumamosi, siku ya maandazi, alichelewa kuifunua. Nilichukua funguo nikatoka na ndala miguuni.

Hotpoti yake ilikuwa kwangu tangu Krismasi, ipo kwenye buti la gari. Njia nzima kutoka Laurel niliiwaza. Nikiibeba, atafungua kwa furaha, nitaingia bila kumtisha. Lakini nitakuwa nimemdanganya kwa mikono, yeye ambaye hakumdanganya mtu. Kwenye Beltway malori yalinipita kushoto na kulia na mimi nilikuwa naomba sala ndefu, yenye vifungu, ya kumkumbusha Mungu ahadi zake. Nilipoegesha mbele ya nyumba, sala ilikuwa imeniishia. Niliweka mikono kwenye usukani nikaona inatetemeka.

"Bwana," nikasema, "naogopa. Siwezi." Na nikakaa pale kama nimegandishwa, mpaka nikalikumbuka neno lililobaki. "Twende."

Jirani alikuwa uani na mbwa wake. "Shikamoo, Bwana! Karibu tena," akaanza, halafu macho yake yakashuka kwenye mikono yangu. Hata yeye alikwisha jifunza. Alimshika Amani ukanda, akamwingiza ndani, akafunga mlango taratibu.

Nilibisha hodi. Alifungua na unga mpaka viwikoni, nyuma yake mafuta yakichemka jikoni. Alinitazama usoni, akatazama chini, akabaki hapo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Kisha, kwa sauti ndogo, "Hukuleta hotpoti yangu."

"Ipo kwenye gari."

"Aha."

Yote aliyonifundisha yalinitoka. Nilisimama kizingitini kama mpumbavu, mdomo wazi, jiko silioni, ufunguo siukumbuki. Ni yeye aliyegeuka. Alikwenda jikoni akichechemea, akazima jiko. Akatoa maandazi yaliyokuwa kwenye mafuta, moja moja, akayaweka kwenye sahani. Alinawa mikono, akaipangusa. Akachukua ufunguo wa gari lake kwenye msumari ukutani, akaja, akaniwekea kiganjani. Akavuta kiti akakaa, akanivutia na mimi kingine, magoti yetu yakakaribiana.

"Haya, mwanangu," akasema. Hakuwahi kuniita hivyo. "Mtaje jina."

Nikamtaja dada yake kwa jina, lote, na la ubatizo. Nikasema amefariki.

Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia anuani ya mahali anapopajua. Sikumwambia ajikaze. Pete zake zilikuwa zimeanza kugonga meza, na mimi niliifunika mikono yake kwa yangu, ikawa inatetemeka yote minne pamoja.

Ndipo simu ikaanza kule kwenye sufuria. Ilitetemeka mara moja, ikanyamaza, ikatetemeka tena, kisha mfululizo, mfuniko ukalia kwenye bati kama maji yanayochemka. Zilikuwa pole zinaingia, kutoka Njombe, na Dar, na kila mahali penye mtu mwenye haraka. Nilitaka kuinuka nikaizime. Alinishika nisiondoke.

"Ziache," akasema. "Leo zimechelewa."

Na hapo ndipo akalia.